Faida ya Chama cha Kuwakumbuka Wazee Wetu Waliokwenda Vitani

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa)



Halmashauri iliniagiza niseme maneno machache juu ya jambo lililoletwa mbele ya mkutano wa mwaka jana, likaahirishwa kwa kukosa wakati. Jambo lenyewe ni hili: je, yafaa sisi Wataita tukaao hapa Mombasa, ndani ya chama chetu hiki cha kusaidiana, tuwe na tawi la wana na wajukuu wa wazee waliokwenda vitani? Nasema wale wapagazi wa vita vya 1914 mpaka 1918, na wale askari wa vita vya 1939 mpaka 1945. Mimi si mwalimu wa historia. Ni karani wa ofisi ya mizigo, na elimu yangu ni ile ya shule ya sekondari ya misheni, basi. Mkiniona nimekosea, wazee wapo, watanisahihisha.

Wote mwakumbuka neno alilolisema mjumbe mmoja mwaka jana. Alisimama akasema kwamba chama hiki ni cha kusafirisha maiti na kulipa karo za watoto, wala si cha kuwafukua watu waliokufa zamani. Wengi walipiga makofi. Nami nilipiga. Lakini nilipofika nyumbani usiku ule sikupata usingizi upesi, maana neno lile lilinirudia kwa namna nyingine.

Kazi yetu kubwa ni ipi? Mtu wetu akifa hapa mjini, twachanga, twakodi gari, twampandisha mpaka Mwatate, Wundanyi, Mgange, au Sagalla, azikwe kwao. Hatumwachi. Hata asiyelipa ada yake miaka 3, tumekwisha kumchukua mara ngapi, Bwana Mweka Hazina akinung'unika! Na kabla ya chama, kabla ya magari, wazee wa Taita walikuwa na desturi yao. Baada ya muda walilifukua fuvu la marehemu, wakaliweka katika pango la ukoo pamoja na mafuvu ya waliomtangulia. Sisi tuliosomeshwa misheni tuliambiwa tuiache desturi ile, nasi tuliiacha. Lakini maana yake twaijua. Maana yake ni kwamba mtu hapotei. Ana mahali pake katika safu ya watu wake.

Sasa nauliza: wale waliokufia kando ya mto Rufiji mwaka 1917, nani aliyekwenda kuwachukua? Pangoni mahali pao ni patupu. Ikiwa kazi ya chama hiki ni kuwaleta watu nyumbani, basi hao ndio ambao hatujawaleta.

Yafaa niwakumbushe vijana mambo yalivyokuwa. Vita vile havikuwa vya mbali kwetu. Mnamo Agosti 1914, Wajerumani waliitwaa Taveta. Mwaka 1915 walikuwa wakija usiku kutega baruti katika reli, na watu wa Kasigau walishukiwa kwamba wamewasaidia. Serikali ikawaondoa mlimani kwao ikawapeleka pwani, nao walikaa ugenini miaka mingi, na wengi hawakurudi. Mwaka ule ule ilijengwa reli kutoka Voi kwenda Maktau, ili kubeba askari na maji. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza lilishindwa katika kilima cha Salaita, na mwezi wa Machi likapigana Latema na Reata hata Taveta ikarudi mikononi mwao. Leo twapita pale kwa basi bila kugeuza shingo.

Toka hapo vita viliingia katika nchi ambayo sasa ni Tanzania, vikaendelea mpaka Msumbiji, na Jenerali von Lettow-Vorbeck hakusalimu amri mpaka tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala, katika Zambia. Katika nchi ile hapakuwa na barabara ya kupita magari, na wanyama wa kubeba mizigo waliuawa na mbung'o. Kwa hiyo mzigo wote ulichukuliwa na mtu kichwani: risasi, unga, machela ya majeruhi, hata vipande vya mizinga. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliofanya kazi ile walikuwa wapatao milioni 1. Wazee wetu waliiita kazi ile Kariakoo, kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Ndilo jina la Kariakoo ya Dar es Salaam, na ndilo jina la Kariokor ya Nairobi. Watu wanunua viatu na vikapu pale kila siku, wala hawajui kwamba wanalitaja jina la jeshi.

Wapagazi hawakuuawa sana na risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa, baridi ya mvua, na unga uliosagwa vibaya ambao tumbo la mtu haliuwezi. Mwaka 1917 katika Kenya palikuwa na kuandikishwa kwa nguvu, machifu wakaamriwa kutoa watu. Hapo ndipo ilipotwaliwa nyumba yetu.

Niruhusuni niseme habari ya kwetu, si kwa kujisifu, maana mwisho wake ni aibu yangu mwenyewe. Baba wa babu yangu alichukuliwa pamoja na kaka yake. Walifungwa namba shingoni, kila mmoja na kisahani chake cha chuma, wakaenda. Mdogo alirudi, mkubwa hakurudi. Mdogo alisema kwamba alimwacha kaka yake chini ya mti, ameshikwa na tumbo, mahali ambapo maji yalikuwa yameijaza nchi, na asubuhi msafara ulipopigiwa filimbi hawakuruhusiwa kungoja. Ni hayo tu. Jina la mahali hakulijua. Babu yangu alipozaliwa akapewa jina la yule aliyeachwa, na mimi nimepewa jina la babu. Kwa hiyo niitwapo katika mkutano huu ili nisome kumbukumbu za mwaka, anaitwa yeye.

Kile kisahani cha yule aliyerudi kilikaa katika sanduku la bibi zaidi ya miaka 80. Nilipokuwa na miaka 9 nilikitoa, nikakifanya gurudumu la gari langu la waya, kwa kuwa kilikuwa na tundu tayari. Nilikwenda nacho shuleni, sikurudi nacho. Bibi hakunipiga. Alikaa kimya, na kimya kile nilikielewa nilipokuwa mtu mzima. Maana ndugu wale wawili waliandikishwa siku moja, mmoja nyuma ya mwenziwe, na yaelekea namba zao zilifuatana. Yule aliyejua namba ya mmoja angeweza kumtafuta wa pili. Leo kazi yangu ni kuandika namba za makasha tangu asubuhi hata jioni, na kasha moja likikosa namba, bandari nzima yanipigia simu. Lakini namba ya mtu wetu niliitupa mimi.

Basi tuje kwenye faida.

Hapa Mombasa, katika barabara ya Jomo Kenyatta, zipo sanamu za shaba za askari, zilizosimamishwa miaka ya 1920, kama zile za Nairobi na Dar es Salaam. Maandishi yake yawasifu askari wa Kiafrika, na wapagazi waliokuwa kama mikono na miguu ya jeshi, tena yaahidi kwamba ajapokufa mtu, wanawe watalikumbuka jina lake. Maneno mazuri. Lakini zungukeni sanamu ile pande zote, hamtaona jina hata moja. Nendeni makaburi ya vita ya Voi na Taveta, mtaona mawe yamepangwa safi, yana majina, na majani yamekatwa. Lakini mpagazi wa Kitaita hamtamkuta.

Jambo hili halikuwa la bahati mbaya. Baada ya vita, wakubwa waliokabidhiwa kazi ya makaburi waliona kwamba Mwafrika atoshewa na sanamu moja ya watu wote, bila kaburi lake wala jina lake. Miaka 100 ilipita kabla ya kukiri. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa yake yenyewe, ikasema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi Bungeni mwezi ule ule. Novemba 2023, Mfalme Charles III alifika makaburi ya Kariokor, Nairobi, akawapa wazee wachache wa vita vya pili nishani mpya badala ya zile walizokuwa wamezipoteza.

Mimi sidharau radhi hiyo. Lakini tazameni hesabu yenyewe: kati ya 116,000 na 350,000. Ukiniletea hesabu ya mizigo ya namna hiyo nitairudisha, nikuulize, je, uliwahi kuhesabu? Tofauti ya namba hizo mbili ni watu 234,000. Tume inayatafuta majina sasa, na Januari 2025 huko Cape Town ilizindua ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,700 ya vibarua Waafrika wa vita vya kwanza. Kazi njema. Walakini waweza kuyatafuta yale tu yaliyoandikwa katika karatasi. Mtu ambaye karatasi yake ililiwa na mchwa, au ambaye karani wa siku zile aliliandika jina lake kwa kubahatisha, akaweka jina la kijiji mahali pa jina la baba, nani atakayemtambua? Atamtambua mtu wa ukoo wake, ajuaye kwamba jina lile halipo Taita ila katika nyumba moja. Msomi wa London hawezi, hata akiwa na moyo mwema. Kazi hii ni yetu kwa sababu sisi ndio wenye ufunguo.

Na ufunguo huo unapotea. Mzee wa miaka 90 leo alizaliwa mwaka 1935 hivi. Yeye aliwasikia wapagazi kwa masikio yake, jioni, katika moto. Mimi niliwasikia kwa kinywa cha babu. Mwanangu hatawasikia.

Napenda kutaja watu wawili waliotutangulia katika jambo hili. Wa kwanza ni Wanubi wa Kibera. Babu zao walikuwa askari wa Kisudani waliotumika katika King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, na walipewa mahali pale pa kukaa, zaidi ya eka 4,000. Kisha ardhi ikapungua mwaka hata mwaka, na wao wenyewe wakaambiwa si watu wa nchi hii, vijana wao wakasumbuliwa kupata vitambulisho. Hawakunyamaza. Walishikana, wakahifadhi barua na habari za babu zao, wakadai. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwa upande wao katika habari ya uraia wa watoto, na Juni 2017 walipewa hati ya ardhi ya jumuiya ya eka 288. Eka 288 katika 4,000 si nyingi, najua. Lakini wasingekuwa na chama cha kukumbuka, wangepata ngapi?

Wa pili ni wapiganaji wa Mau Mau. Marufuku iliyowekwa juu yao na wakoloni iliondolewa mwaka 2003 tu, miaka 40 baada ya Uhuru. Walipoandikisha chama chao, ndipo walipoweza kuwakusanya mashahidi kijiji kwa kijiji, kesi ikafika London, na Juni 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Nayataja haya nikijua kwamba yupo atakayeniuliza: je, waweka pamoja waliopigana na Mwingereza na waliopigana upande wake? Swali ni la haki. Batalioni za King's African Rifles zenyewe zilitumwa msituni kupigana na Mau Mau, nasi hatuwezi kulificha. Jibu langu ni kwamba hatufanyi chama cha kumsifu mfalme aliyewatuma. Mpagazi wa 1917 hakwenda kwa kupenda. Alitolewa na chifu. Kumwandika jina lake si kumtukuza aliyemtoa. Na ikiwa katika nyumba zetu yumo aliyefanya jambo la kuonea haya, na aandikwe pia, kama alivyokuwa. Kitabu kinachochagua wazuri peke yao si kitabu cha hesabu.

Neno moja kwa wale wenye kutazamia fedha. Najua watu wanaopita vijijini wakikusanya shilingi 500 kwa kila nyumba, wakiahidi fidia ya vita kutoka Ulaya. Shangazi yangu mmoja alitoa, akapewa risiti isiyo na anwani. Sisi hatutaahidi kitu. Ni kweli kwamba mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, na hilo ni deni mbele ya Mungu. Lakini atakayeingia katika tawi hili kwa ajili ya fidia, na abaki nje, asije akatulaumu.

Tena tusiwasahau akina mama. Mwanachama wetu mmoja, ambaye yupo hapa nami nimemwomba ruhusa, alisimuliwa na bibi yake habari ya mume aliyekuwa askari wa mizinga. Mwanzoni mwa Februari 1944 aliondoka Kilindini, hapa hapa, katika meli Khedive Ismail, kwenda Ceylon. Bibi yule aliishi miaka mingi akiambiwa tu kwamba mumewe alipotelea baharini, na jamaa walisema huenda ameoa Bara Hindi. Hawakumtunza kama mjane wala hawakumhesabu kama mke. Sasa twajua: tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, meli ile ilipigwa na nyambizi ya Kijapani, ikazama kwa muda wa dakika 2 hivi. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika ya Mashariki. Hao majina yao yamo katika Ukumbusho wa Afrika ya Mashariki, kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Nairobi. Mjukuu alikwenda mwaka huu. Alilikuta jina, limekosewa herufi moja. Alilishika kwa mkono, akapiga picha, akairudisha Mgange, na wazee wa ukoo wakakaa wakasema kwamba bibi yule alikuwa mjane wa haki. Bibi mwenyewe alikufa mwaka 1988.

Nauliza wanachama, kazi ile ya siku moja, nauli ya kwenda na kurudi Nairobi, ilitoa faida gani? Mimi sijui kuipima. Lakini ningeliiweka mbele ya karo ya muhula mmoja bila kusita.

Pendekezo la Halmashauri, basi, ni dogo. Hatuombi jengo wala sanamu. Twaomba kitabu kimoja chenye jalada gumu, na watu 3 wa kukitunza, mmoja wao awe mama. Kila nyumba iandikishe mtu wake: jina alilopewa, jina la baba, ukoo, kijiji, chifu wa wakati ule, alikwenda na nani, mara ya mwisho alionekana wapi na nani aliyemwona. Asiyejua yote aseme analolijua. Aliye na cheti cha kuachishwa jeshi, nishani, barua, au kisahani, asikitoe. Akilete kipigwe picha, kisha akirudishe sandukuni, mbali na watoto. Vijana watalinganisha majina hayo na orodha za Tume na kumbukumbu za serikali. Gharama kwa mwaka ni nauli ya safari 2 za Nairobi na bei ya kitabu, nami nimekwisha kumwonyesha Bwana Mweka Hazina hesabu yake. Alinung'unika, lakini alitia sahihi.

Kitabu chenyewe kipo pale mezani, karibu na chai. Ukurasa wa kwanza nimemwandika yule wa kwetu aliyeachwa chini ya mti. Mahali pa kuandika walikuwa pamoja na nani pana nafasi, kwa sababu baba wa babu yangu alisema walikuwa wanne kutoka upande wa Bura, naye aliwataja wawili tu. Ikiwa yupo mzee hapa ambaye baba yake au amu yake alitolewa na chifu mwaka ule, akapitia Voi, namwomba kabla ya kuondoka aje tuzungumze.